Kiroba kina etiketi, boti je?

Ndugu wachimbaji wa Nyabibwe na Numbi, na ninyi mama zetu mnaoteremka Kituku na mizigo kila wiki, tuanze na jambo mnalolijua kuliko sisi. Kiroba cha kasiteriti hakitoki kwenye shimo hivi hivi. Ajenti anakuja na mzani, anaandika kilo kwenye daftari, anafunga etiketi yenye numero. Kikifika kwa mnunuzi kinavalishwa etiketi ya pili. Mbele ya kuvuka mpaka kinapita CEEC, na kinatafutiwa sertifika ya CIRGL. Pale Kalimbi, Nyabibwe, kazi hiyo ya etiketi ilianza mwaka 2012, na leo hata kijana anayesafisha mawe anajua kwamba kiroba kisicho na numero kinanunuliwa kwa bei ya wizi ao hakinunuliwi kabisa.

Sasa mchimbaji huyo huyo, akiisha kuuza kiroba chake chenye etiketi mbili, anachukua dola alizokusanya miaka mitano, anashuka ufukoni, anakutana na mtu chini ya mti, na jioni anarudi nyumbani akisema amenunua boti. Boti iko na jina zuri limeandikwa kwa rangi nyekundu. Iko na mikanda, kopi, ndani ya plastiki. Bei ilikuwa nzuri. Basi. Kilo 50 za mawe zimefuatwa toka shimoni mpaka barieri, lakini chombo kitakachobeba watu na watoto wao juu ya maji yenye kina cha karibu metre 480 hakikuulizwa hata kilizaliwa wapi.

Tunaandika juu ya jambo hili sasa kwa sababu biashara ya boti za okazioni imepata moto. Vita ilipofunga barabara ya Sake na Minova mwanzoni mwa mwaka 2024, kila kitu kilikimbilia ziwani: maharagwe, mihogo, wanafunzi, wagonjwa, wachimbaji wanaoenda kazi na wanaorudi. Mwenye boti anapata makuta kila siku, na kila mwenye makuta anatafuta boti. Vyombo vilivyokuwa vimelazwa majanini miaka na miaka vimepakwa rangi, vimepewa majina mapya, vimerudishwa majini.

Na tarehe 3 Oktoba 2024 wote tuliona. Merdi ilitoka Minova, ikafika karibu kabisa na Kituku, watu wakiwa wanaitazama toka ufukoni, ikainama upande mmoja, ikazama. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza siku ile kwamba watu 278 walikuwa ndani na 78 wamekufa; hesabu zingine za wakubwa ziliteremsha idadi hiyo, na familia ziliendelea kutafuta watu wao hospitalini na ufukoni. Waliopona walisema boti ilijaa kupita kiasi. Hatusemi Merdi ilikuwa na mikanda ya uongo. Tunasema tu kwamba neno hilo la "kupita kiasi" linataka kwanza kiasi kijulikane. Na kiasi cha boti kinaandikwa kwenye mikanda yake. Kama mikanda ni ya boti nyingine, basi kiasi nacho ni cha boti nyingine.

Siku chache nyuma walitufikia wanaume wawili, wachimbaji, wametumwa na wenzao wa likelemba. Watu kumi na nane wameweka pesa pamoja ili wanunue boti ya chuma itakayobeba abiria na mizigo. Walitaka tuwasomee Kifaransa cha mikanda. Tukawasomea. Ilisema boti ina urefu wa metre 14. Tukawauliza: mmeipima? Wakacheka. Muuzaji aliwaambia, "Iko na mikanda yote, papa, utapima nini tena?" Tukawashauri warudi na decametre ya fundi wa nyumba. Walipima toka mbele mpaka nyuma: metre 17 na kitu. Hapo kuna mambo mawili tu yanayowezekana. Ao mikanda ile ni ya boti nyingine, ao boti ilikatwa katikati ikaongezwa kipande kisha hakuna aliyeipeleka kupimwa upya. Yote mawili ni mabaya, na la pili linaua zaidi. Wale wawili walirudi na pesa zao. Wiki iliyofuata boti ile ilikuwa na mnunuzi mwingine.

Kuna kitu kinachoturahisishia kazi hapa kwetu kuliko mahali pengine, na watu hawakifikirii. Ziwa Kivu limefungwa. Maji yake yanatoka kwa Ruzizi kwenda Tanganyika, lakini mto ule una maporomoko, hakuna boti inayopanda pale. Kwa hiyo chombo chochote unachokiona Goma, Idjwi, Kalehe ao Bukavu kina kuzaliwa kwa namna mbili: ao kiliundwa hapa hapa ufukoni, ao kililetwa kwa gari, kizima ao vipande vipande, kikapita barieri. Hakuna namna ya tatu. Muuzaji akianza kukuambia historia ndefu isiyoingia kwenye moja ya hizo mbili, weka pesa mfukoni.

Kama iliundwa hapa, basi kuna fundi. Boti za mbao zina mafundi wake, wanajulikana kwa majina kwenye kila kijiji cha ziwa, na kila mmoja ana mkono wake: namna ya kukata ubao wa mbele, namna ya kupiga misumari, namna ya kuziba. Boti za chuma zina soudeurs wake. Watu hawa hawasahau kazi zao, sawa vile PDG wa shimo asivyosahau mahali alipoweka miti. Muuzaji akutajie fundi, nenda umuone, ama kama amekufa muone aliyekuwa kijana wake wa kazi. Muulize aliitengeneza mwaka gani, kwa nani, ilikuwa na urefu gani, mota ya nguvu gani, ilikuwa ya mizigo ao ya watu, na mara ya mwisho kuletwa kwake ilikuwa na ugonjwa gani. Mazungumzo haya yanagharimu soda moja. Yanakupa kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukupa.

Kama ililetwa toka nje, basi ilipita douane, na mkanda wa douane unataja kitu kilichoingia. Uombe. Kisha tafuta numero ya kuzaliwa kwenye mwili wake. Boti ndogo za kiwandani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwishoni mwa mwaka 1972 zina numero ya alama 12, na zile za soko la Ulaya tangu mwaka 1998 zina alama 14. Iko nyuma, upande wa kuume, karibu na ukingo wa juu, imechongwa ao imegandishwa kwenye mwili wenyewe. Kwa zile za Marekani za tangu miaka ya 1980, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli, na numero ile ile imefichwa mara ya pili mahali pengine ndani ya boti. Ukikuta mahali pale pamesuguliwa, pamepakwa rangi nzito, ao pana kibati kipya kimepigwa rivet juu, mtu alitaka usisome kitu. Meli kubwa za abiria za baharini zina numero ya tarakimu saba inayotanguliwa na herufi IMO. Hiyo haibadiliki hata meli ikibadilisha jina, bendera na mwenyewe mara kumi.

Jina ni rangi tu. Wandugu wa Zanzibar walijifunza hilo kwa machozi. Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa imetengenezwa Ugiriki mwaka 1967 na kuitwa Marianna, baadaye ikaitwa Apostolos P, ndipo ikapata jina la tatu. Ilikuwa na miaka 44. Tume iliyofanya uchunguzi ilihesabu waliokufa na kupotea kuwa zaidi ya 1,500. Mama aliyepanda na watoto wake aliona jina la viungo vya nyumbani limeandikwa mbele. Miaka 44 haikuandikwa mahali popote.

Na mwaka haujageuka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Hiyo haikubadilisha jina, wala haikuwa mzee sana: ilitengenezwa Marekani mwaka 1989, ikavusha watu kwa miaka mingi upande wa Seattle, ikauzwa mwaka 2011. Historia yake ilikuwa wazi. Lakini historia hiyo ilisema kwamba chombo kile kiliundwa kwa maji yaliyokingwa na nchi kavu, si kwa bahari wazi ya mwezi wa saba yenye upepo mkali. Tunaleta mfano huu kwa makusudi, maana kuna wanaofikiri kwamba kuhakikisha boti ni kutafuta wizi tu. Boti inaweza kuwa halali kabisa, mwenyewe mtu mwema, mikanda safi, na bado haikuzaliwa kwa kazi unayotaka kuipa. Hapa kwetu mfano wake ni boti ya mchanga. Kuna vyombo vingi vilivyoundwa kubeba mchanga, mawe ao magunia ya makala, mzigo mzito unaolala chini kabisa. Ukiondoa mchanga, ukaweka viti, halafu juu ya viti ukajenga étage ya mbao ili watu wakae wakipigwa na upepo mzuri, umehamisha uzito wote toka chini ukaupeleka juu. Siku watu wote watakapokimbilia upande mmoja kwa sababu wanaona ufuko, utajua.

Turudi kwenye mikanda. Sheria yetu ya usafiri wa mito na maziwa ni ya zamani, ya Machi 1966, lakini iko. Kwenye Commissariat lacustre kuna mikanda mitatu unayopaswa kuiomba kwa jina lake: ile ya immatriculation, inayosema boti ni ya nani na ina numero gani, ile ya jaugeage, inayosema vipimo vyake na inabeba kiasi gani, na certificat de navigabilité, inayosema kwamba ilitazamwa na inaweza kusafiri. Hiyo ya mwisho ina siku ya kufa, tazama tarehe. Usikubali kopi. Chukua numero, nenda mwenyewe ofisini, uombe wafungue kitabu mbele ya macho yako. Kisha rudi ufukoni na ulinganishe: numero iliyoandikwa ubavuni, urefu, upana, kina, idadi ya mota, kuna étage ao hakuna. Mkanda wa jaugeage uliotolewa mbele ya kujenga étage haufai tena kwa boti yenye étage, hata kama muhuri wake unang'aa.

Tunajua mtakachotuambia, na ni kweli. Mtasema etiketi nazo zinauzwa. Nani kati yenu hajaona kiroba cha shimo moja kimevalishwa etiketi ya shimo lingine? Ndiyo maana hatusemi "boti iwe na mikanda" halafu tukanyamaza. Mkanda peke yake ni sawa na etiketi mfukoni mwa mtu. Mnunuzi mzuri wa madini hatazami etiketi tu, anamwaga mawe chini, anayapima, anayatia sumaku, anajua rangi ya koltani ya mlima fulani. Fanyeni vile vile na boti.

Kwanza, itoke majini. Muuzaji anayekataa boti isivutwe nchi kavu amekwisha kukujibu. Ikiwa juu ya miti, chukua nyundo ndogo, upige chuma polepole toka mbele mpaka nyuma, hasa pale maji yanapofikia na chini ya mahali mota inapokaa. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa, wakati mwingine nyundo inaingia. Tazama vipande vilivyobandikwa juu ya vingine: kimoja ao viwili ni matengenezo, kumi na tano ni kaburi. Ingia ndani, inua mbao za sakafu. Ukikuta beton imemwagwa chini, usikubali maneno kwamba ni ya kuipa boti uzito. Mara nyingi ni ya kufunika tundu, na nyuma ya beton kutu inaendelea kula bila kuonekana. Kwa boti ya mbao, chukua kisu, uchome ubao karibu na misumari. Ukiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, acha.

Boti iliyowahi kuzama ikatolewa nayo inaacha alama. Rangi inapakwa pale jicho linapofika, lakini matope mazuri, yale laini ya chini ya ziwa, yanabaki kwenye pembe, ndani ya mabomba, chini ya viti, nyuma ya mbao zilizopigiliwa. Peleka kidole huko. Nyaya za umeme zikiwa mpya zote kwenye chombo cha miaka ishirini, uliza kwa nini. Kisha fanya safari ya bandari mbili tatu, Kituku, Minova, Idjwi, na picha ya boti kwenye telefone, uwaulize wavuvi na wabebaji mizigo, si jina lake la leo, bali "hii mulikuwa munaiita nani mbele?" Wabebaji wa bandari wanazikumbuka boti kwa matundu na kwa deni. Watakwambia na mengine usiyoyauliza.

Mota nayo ni chombo kingine chenye historia yake, isichanganywe na boti. Mota za nyuma zinaibiwa usiku kwenye ziwa hili, zinavushwa upande wa pili, zinarudi zimepakwa rangi. Numero yake iko kwenye kibati kwenye mkono unaoishika boti. Kibati kikikosekana, ao pana misumari mipya, mota hiyo itakuletea polisi nyumbani, na utakayefungwa ni wewe, maana aliyekuuzia hatapatikana. Ombeni fakitire ya kwanza. Kama hakuna, andikeni numero kwenye mkataba, kwa mkono wa muuzaji mwenyewe.

Tumebakiza jambo linaloleta vilio vingi kuliko kutu. Boti ni ya nani? Mzee anakufa, anaacha boti, watoto saba wa mama wawili. Mmoja wa watoto anashika ufunguo, anauza. Miezi mitatu baadaye mjane anakuja ufukoni na wazee wa familia, boti inafungwa, kesi inaanza, na wewe umekwisha kulipa. Ama boti ni ya koperative, na aliyeuza alikuwa presida wa jana. Ama imewekwa rehani kwa mtu aliyekopesha pesa za mota. Kwa hiyo muuzaji alete carte d'électeur yake, jina lifanane na lile la immatriculation. Kama halifanani, alete mkanda wa familia ao procès-verbal ya koperative, wenye sahihi, na wewe uende kuwaona waliotia sahihi. Tunawaomba hasa mama: pesa hizo ni za nyumba. Mwanaume akisema "ni mambo ya ufukoni, hautaelewa," nenda naye ufukoni. Swali la "mjane wa mzee huyu anaishi wapi?" mwanamke analipatia jibu haraka kuliko mwanaume.

Mkikubaliana, toeni nusu. Nusu ingine itoke siku immatriculation imebadilishwa kwa jina lenu ofisini, si mbele.

Hapa tunawageukia wakubwa, maana hatutaki mzigo wote uangukie mtu aliyetoka shimoni. Watu hawakimbii ofisi za bandari kwa kupenda uongo. Wanakimbia kwa sababu kwenye geti moja wanakutana na huduma nyingi, kila moja na karatasi yake na mkono wake umenyooka, na mwisho wa siku mwenye mikanda analipishwa sawa na asiye nayo, wakati mwingine zaidi. Mwenye boti anayepiga hesabu hiyo anaamua kununua muhuri kwa njia ya mkato. Mkitaka kitabu cha boti kisome ukweli, kukifungua kuwe bure, na bei ya kubadilisha jina la mwenyewe ijulikane, iandikwe, isiwe ya kuulizana sikioni.

Tena numero isiandikwe kwa rangi. Ichomwe kwa chuma kwenye mwili wa boti, mbele na nyuma na mahali pa tatu ndani, kazi ya saa moja ya soudeur. Kwa boti ya mbao ichongwe. Boti ikikatwa ao kuongezwa, mkanda wa zamani ubakie ofisini. Na kwenye mlango wa Kituku uwekwe ubao: numero ya kila boti inayobeba watu, jina lake la sasa na la zamani, urefu, idadi ya watu inayoruhusiwa, na tarehe ya mwisho ya navigabilité. Kwenye depo za madini bei ya kilo inaandikwa kwa chaki kila asubuhi, na haijawahi kukosa chaki.